Kozi ya biolojia chuo kikuu: inafundisha nini, na inakuruhusu kufanya kazi gani

Majibu ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi wa Kenya nafasi za vyuo, yakitoka, simu huanza kulia katika nyumba nyingi za Nakuru, Kisumu, Kakamega na Bungoma. Binti ameitwa Egerton, au Maseno, au Masinde Muliro, na barua inasema Shahada ya Sayansi, Biolojia. Mama anauliza, "Kwa hivyo utakuwa daktari, mwanangu?" Mjomba anadakia kwamba hiyo ni kozi ya walimu. Jirani naye ana hakika kwamba kozi hiyo hupewa waliokosa alama za udaktari, na kwamba msichana akivumilia mwaka mmoja atahamishwa. Hakuna aliyepatia kati yao. Mkanganyiko huu una gharama kubwa, kwani wapo wanaomaliza miaka minne ndipo wagundue kwamba cheti walicho nacho hakiwaruhusu kufanya kazi waliyoipania tangu siku ya kwanza. Wapo pia wanaoikimbia kozi hii bila kujua kwamba maswali yake makubwa yako hapa hapa kwetu, kando ya ziwa na mashambani mwetu.

Tuanze na majina. Biolojia ni elimu ya viumbe hai: mwili ulivyojengwa, unavyofanya kazi, sifa zinavyorithiwa, zinavyobadilika vizazi hadi vizazi, na viumbe wanavyoishi pamoja. Ukiisoma kwa jina hilo pana, unagusa mimea, wanyama na vijidudu. Botania hubaki na mimea, zuolojia na wanyama, mikrobiolojia na bakteria, virusi na kuvu. Baiokemia huchunguza kemikali zinazofanya kazi ndani ya seli. Bioteknolojia huchukua maarifa hayo ikatengeneza kitu cha kutumika, kama mbegu, kipimo au chanjo. Hizi zote ni shahada za sayansi, na katika vyuo vingi vya Kenya huchukua miaka minne.

Shahada ya Elimu upande wa sayansi ni kitu kingine. Humo biolojia ni mojawapo ya masomo mawili ya kufundishia, pamoja na kemia, kilimo au hisabati kwa mfano, na ualimu wenyewe umo ndani ya kozi. Udaktari, uuguzi, famasia na sayansi ya maabara za tiba nazo zinajitegemea kabisa, kila moja na bodi yake, hata kama wanafunzi wao husoma seli ile ile anayoisoma mwanafunzi wa biolojia.

Kuhusu alama

Alama za klasta ni hesabu inayochukua masomo manne yanayohusiana na kozi na kuyapima pamoja na jumla ya alama zako za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Kiwango cha juu kabisa ni 48. Alama ya kikomo, ile wanafunzi wanayoiita katofu, ni alama ya mwanafunzi wa mwisho kuingia kozi hiyo mwaka uliotangulia. Basi. Hakuna kamati iliyokaa ikapima kozi gani ni ngumu au ina maana. Waombaji wakiwa wengi na nafasi chache, kikomo hupanda, na nafasi zikiwa nyingi hushuka. Biolojia ina kikomo cha chini kuliko udaktari kwa sababu hiyo tu, na nimeona vijana hodari wakiingia darasani wamejikunyata kwa aibu ambayo haikuwa na msingi wowote.

Na lile la kuhamishwa? Uhamisho upo, hufanywa kupitia KUCCPS, lakini anayetaka kuhamia udaktari lazima awe alikuwa na alama za udaktari tangu KCSE, na nafasi iwepo. Kufanya vizuri katika biolojia mwaka wa kwanza hakuongezi alama za KCSE. Aliyehitimu biolojia anaweza baadaye kuomba kusoma udaktari kama shahada ya pili, kwa karo yake na kwa masharti ya chuo husika. Hiyo ni safari mpya, tena ndefu.

Swali moja, miaka minne

Watu hudhani biolojia ni kukariri: sehemu za ua, mifupa ya sungura, majina ya Kilatini. Kukariri kupo, siwezi kukataa. Lakini kozi inapofundishwa ipasavyo, kazi yake ni kuuliza swali kuhusu kiumbe hai na kulifuatilia hadi mwisho kwa kupima. Njia nzuri ya kuelewa masomo ya miaka hiyo minne ni kufuata swali moja linalowahusu watu wa ziwani.

Mwaka 1949 kijana wa Kiingereza aliyelelewa Bonde la Ufa, Anthony Allison, alizunguka Kenya akipima damu za watu wa jamii mbalimbali. Alikuwa anatafuta chembechembe za damu zinazojikunja kama mundu, yaani tabia ya selimundu. Pwani na kando ya Ziwa Victoria aliikuta kwa zaidi ya asilimia 20 ya watu katika baadhi ya jamii. Nyanda za juu ilikuwa chini ya asilimia 1. Ugonjwa wa selimundu wenyewe ulikuwa unaua watoto, hivyo jeni yake ilipaswa kupungua kila kizazi hadi itoweke. Kwa nini ilikuwa nyingi namna ile Nyanza, na adimu mlimani?

Anza na seli na baiokemia, masomo ya mwaka wa kwanza na wa pili. Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna protini inayobeba oksijeni, himoglobini. Jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza sehemu moja ya protini hiyo ikibadilika kwa herufi moja tu ya DNA, kiungo kimoja cha protini hubadilika. Kiungo kipya hakipendi maji, kwa hiyo oksijeni inapopungua protini hizo hugandana zikawa nyuzi, na nyuzi huipinda chembe nzima. Chembe zilizopinda huziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu makali yanapotoka.

Kisha jenetiki. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba, moja ya mama. Mwenye nakala mbili za kawaida huandikwa AA. Mwenye moja ya kawaida na moja iliyobadilika ni AS, naye kwa kawaida ni mzima. Mwenye mbili zilizobadilika ni SS, na ndiye mgonjwa. Wazazi wawili wa AS wakipata mtoto, uwezekano wa mtoto huyo kuwa SS ni robo moja. Hapa pana kosa linaloumiza familia nyingi: wazazi husikia "robo" wakaelewa kwamba katika watoto wanne mmoja ndiye atakayeugua, kwa hiyo aliyekwisha kuugua amewakinga wadogo zake. Sivyo. Hesabu huanza upya katika kila mimba. Familia inaweza kupata watoto wanne wote wazima, au watatu wagonjwa mfululizo. Tena kundi la damu la A, B, AB au O ni jambo tofauti kabisa na hili la AA, AS na SS. Kujua kwamba wewe ni O hakukuambii chochote kuhusu selimundu.

Sasa ingiza ikolojia na elimu ya vimelea, masomo ya mwaka wa tatu. Ziwani na pwani ndiko malaria ilikokuwa kali mwaka mzima, ilhali mlimani baridi ilimzuia mbu. Allison aliunganisha mambo hayo mawili, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba watoto wa AS hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, kwa sababu kimelea cha malaria hakistawi vizuri katika damu yao. Mtoto wa AA alikuwa katika hatari ya malaria, wa SS katika hatari ya selimundu, na wa AS ndiye aliyekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kukua akazaa. Kwa hiyo jeni haikutoweka Nyanza. Iliendelea kurithishwa, ikihifadhiwa na mbu.

Hayo ndiyo mageuko, somo linalowatia hofu wanafunzi wengi waliolelewa kanisani au msikitini. Wengi huingia darasani wakidhani watafundishwa kwamba nyani tunaowaona Kakamega watazaa binadamu siku moja. Hakuna mhadhiri anayefundisha hivyo. Mageuko ni mabadiliko ya jeni katika kundi la viumbe kadiri vizazi vinavyopita, na yanapimika. Mbu sugu kwa dawa inayotiwa kwenye vyandarua wameenea magharibi mwa Kenya katika miongo michache tu: waliostahimili dawa walibaki, wakazaa, na watoto wao wakarithi ukinzani. Mwanafunzi anaweza kulipima hilo mwenyewe huku akiendelea kusali.

Meza ya maabara

Nikae kidogo kwenye praktiko, kwa sababu ndiko kozi hii inakoishi. Mbu aliyenaswa nyumbani anawekwa chini ya hadubini. Kichwani mwake yanachomoza mambo matatu: vipapasio, mrija wa kufyonzea damu, na kando ya mrija jozi ya viungo vidogo vinavyoitwa palpi. Kwanza angalia vipapasio. Vikiwa na manyoya mengi kama brashi, huyo ni dume, haumi. Vikiwa na manyoya machache, ni jike. Kisha linganisha palpi na mrija. Palpi zikiwa fupi sana, huyo huenda ni Culex, mbu wa mitaro anayetukosesha usingizi. Zikiwa zinakaribia urefu wa mrija wenyewe, una Anopheles mkononi, anayeweza kubeba malaria. Mabawa yake yana madoa meusi na meupe yanayopokezana ukingoni. Mara ya kwanza mwanafunzi hutumia dakika kumi kwa mbu mmoja, lakini baadaye macho huzoea.

Na hadubini ina mwisho wake. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hawatofautishiki kwa macho, ilhali tabia zao hazifanani: wa kwanza hupenda damu ya binadamu na hupumzika ndani ya nyumba, wa pili huuma ng'ombe pia na mara nyingi hupumzika nje. Chandarua na dawa ya ukutani humpata yule wa ndani kuliko wa nje, na vyandarua vilipoenea magharibi mwa Kenya, uwiano wa aina hizo mbili ulibadilika, gambiae wakapungua. Ili kujua una yupi, unachukua mguu mmoja wa mbu, unautia kwenye kichupa, unatoa DNA yake, na kutumia mashine ya PCR kuzidisha kipande cha DNA ambacho kina urefu tofauti katika kila aina. Mguu mmoja unatosha. Nadhani mwanafunzi akielewa kwa nini mguu mmoja unatosha, yaani kwamba kila seli ya mwili imebeba maelekezo yote, amelielewa somo zima la mwaka wa pili.

Baada ya hapo ni takwimu. Nyumba yenye chandarua kipya ilikuwa na mbu 3, isiyo nacho 9. Je, tofauti hiyo ni ya kweli au ni bahati ya usiku mmoja? Hilo haliamuliwi kwa kukisia. Ndiyo maana mwaka wa kwanza umejaa hisabati, kemia na fizikia, na wanaokimbilia biolojia kwa kukwepa hesabu hushtuka mapema. Mzazi asishangae mtoto akisema anasoma takwimu. Yuko mahali pake.

Mitihani yenyewe huwa na sehemu mbili: majaribio ya katikati ya muhula, CAT, yanayobeba kwa kawaida alama 30 au 40, na mtihani wa mwisho unaobeba zilizobaki. Praktiko huhesabiwa. Asiyehudhuria maabara hujikuta na alama pungufu hata akijua nadharia yote.

Shahada na kibali

Sasa tufike panapoumiza. Shahada inathibitisha unajua. Kibali cha kazi ni jambo jingine, na hutolewa na bodi. Ni kama udereva: unaweza kuendesha gari kutoka Nakuru hadi Kisumu bila kulikwaruza, lakini bila leseni ya PSV hubebi abiria.

Kwa mwenye shahada ya biolojia, maana yake ni hii. Hawezi kusajiliwa kufanya kazi katika maabara ya hospitali kama mtaalamu wa maabara za tiba, kwa sababu bodi ya taaluma hiyo, KMLTTB, husajili waliosomea kozi ilizoziidhinisha za sayansi ya maabara za tiba. Hili ndilo kosa ninaloliona likiwauma wengi zaidi. Mtu ametumia hadubini miaka minne, anajua kutambua kimelea cha malaria kwenye damu, lakini hospitali ya kaunti haiwezi kumwajiri. Kama ndoto yako ni maabara ya hospitali, chagua kozi hiyo tangu mwanzo.

Ualimu una njia, ila ina hatua moja zaidi. TSC, tume ya walimu, husajili waliosomea ualimu, na mwenye shahada ya sayansi anahitaji kuongeza stashahada ya uzamili ya elimu. Tena TSC hurudi kuangalia KCSE: wastani wa C+, na C+ katika masomo mawili ya kufundishia. Aliyepata B ya biolojia na D ya kemia atakwama hapo iwapo hana somo la pili lenye alama, hata shahada yake iwe ya daraja la kwanza. Ni afadhali kujua hilo ukiwa na miaka 18 kuliko 24.

Upande wa mazingira, mwenye biolojia akiongeza mafunzo ya kutathmini athari za miradi kwa mazingira na kupata uzoefu, anaweza kuomba leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Utafiti nao hauna leseni ya namna ile ya hospitali, lakini ngazi zake hudai shahada ya uzamili, na mara nyingi uzamivu. Yeyote anayekuambia shahada ya kwanza peke yake inatosha kuwa mtafiti kamili hakutakii mema.

Je, kazi zipo?

Zipo, ila si nyingi kama wahitimu, na haziji na jina la biolojia mlangoni. Kinachotusaidia sisi wa upande huu ni kwamba tumezungukwa na mahali pa kazi hiyo. Kisian, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, ina kituo kikubwa. Chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo ilianza kutolewa Kenya Septemba 2019 kuanzia Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay, ilikuwa imejaribiwa kabla ya hapo Siaya na Kombewa, na majaribio kama hayo huhitaji watu wa kukusanya mbu, kuhifadhi sampuli na kuingiza data kwa uangalifu. KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, wako Kisumu kwa mambo ya samaki na maji. Mbita kuna kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, walikotengeneza mbinu ya kupanda mahindi pamoja na desmodiamu, mmea ambao mizizi yake hutoa kemikali zinazoamsha mbegu za kayongo, gugu linalofyonza mizizi ya mahindi, kisha kulizuia lisijishike kwenye mahindi, likafa. Wakulima wa Siaya na Vihiga walioona kayongo likimaliza shamba wanajua thamani ya jambo hilo.

Upande wa Nakuru, kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kiko Njoro, jirani na Egerton, na ngano kutoka nchi nyingi hupandwa pale ijaribiwe dhidi ya kutu ya shina, ugonjwa wa kuvu, hasa aina ya Ug99 iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Mashamba ya maua ya Naivasha huajiri watu wa kufuga na kusambaza utitiri wanaokula utitiri waharibifu, ili dawa ipunguzwe. Kampuni za maji, viwanda vya maziwa na kampuni za mbegu zote zinahitaji mtu wa kupima bakteria. Na Ziwa Nakuru lenyewe ni somo: maji yalipoanza kupanda kuanzia mwaka 2010 hivi, chumvi yake ilipungua, vijani vidogo vinavyoliwa na heroe vikapungua, na heroe wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Mgeni huuliza ndege wameenda wapi. Mwanafunzi wa ikolojia anapaswa kuweza kumjibu kwa vipimo vya maji.

Nafasi hizi nyingi huanzia kwenye atachimenti, yale mafunzo ya kazini ya mwaka wa tatu, na kwenye mradi wa utafiti wa mwaka wa nne. Wanafunzi wengi hungoja chuo kiwatafutie, kisha hupelekwa ofisi isiyo na uhusiano wowote na kozi, wakapiga chapa barua kwa miezi mitatu. Usingoje. Andika barua mapema, taja idara unayoitaka na ujuzi ulio nao tayari: kutambua mbu, kupima maji, kuotesha bakteria, kuchanganua takwimu kwa kompyuta. Ukishaingia, omba uonyeshwe kazi yenyewe, uandike daftari la kila siku, na umwulize msimamizi kama data ndogo ya kituo inaweza kuwa mradi wako wa mwaka unaofuata. Na kabla ya hayo yote, kwa aliye bado kidato cha nne na anajiandaa kujaza kozi zake: omba chuo orodha ya masomo ya miaka yote minne, isome na mzazi, kisha uliza swali moja kwa idara, tena kwa maandishi: mhitimu wa kozi hii husajiliwa na bodi gani, au hasajiliwi na yoyote?